Muulize Bibi Mkemia: Kiyeyushi kikishamaliza kazi, kinakwenda wapi?

Toleo lililopita niliandika aya moja tu kuhusu viyeyushi vya kijani, yaani vimiminika vinavyolegeza na kuyeyusha miti, singa na makapi bila zile sumu za viwanda vya zamani. Barua zimekuja nyingi kuliko mwezi wowote tangu nipewe ukurasa huu, basi leo sijibu jingine. Kwa wanaonisoma mara ya kwanza: nimefundisha kemia miaka 31, mingi katika mkoa wa Tanga, na sasa nina meza ya majaribio kibandani nyuma ya nyumba yangu. Ninayosema nimeyafanya ni yale niliyoyafanya kwenye meza hiyo.

*Shikamoo bibi. Niko kidato cha sita, Muheza. Tumefundishwa kwamba selulosi imeundwa kwa glukosi. Sukari nikiitia kwenye chai inayeyuka mara moja. Mbona mwiko wa mama haujayeyuka kwenye ugali miaka yote hii?*

Marahaba, mjukuu wangu. Watu wazima walijiuliza swali hilohilo karne nzima.

Sukari ya chai ni molekuli fupi: glukosi moja imeshikana na fruktosi moja, basi. Maji yakifika yanajipenyeza kati ya molekuli na molekuli, kila moja inakwenda zake. Selulosi ni glukosi zilizoshikana mkia kwa kichwa kwa maelfu, uzi mmoja mrefu, na nyuzi hizo zimelala ubavu kwa ubavu. Kila uzi umemshika jirani yake kwa vifungo vya haidrojeni. Kifungo kimoja ni dhaifu, hata maji ya vuguvugu hukivunja. Lakini vikiwa mamia kwa mamia, wakati hiki kinalegea vile vingine vimeshika, na cha kwanza kinarudi mahali pake. Chukua kamba ya makumbi uifumue: unywele mmoja unaukata kwa kucha, kamba nzima inafunga jahazi.

Hapo tumezungumzia selulosi peke yake. Kwenye mwiko wa mama iko pamoja na wenzake wawili. Kuna hemiselulosi, sukari zenye matawi matawi zinazozizunguka nyuzi, na kuna lignini, gundi ngumu ya rangi ya kahawia inayojaza nafasi zote zilizobaki. Lignini haifanani na sukari hata kidogo. Ni pete za kaboni zilizoungana ovyo, na ndiyo inayoufanya mti usimame na usioze upesi. Pamba ni selulosi karibu tupu, zaidi ya asilimia 90. Singa za mkonge zina theluthi mbili hivi. Makumbi ya nazi yana lignini nyingi kuliko miti mingi ya mbao, na hayo nitayarudia mwishoni kwa sababu yana barua yake.

Wewe mwenyewe umekwisha kuona mmea ukilegezwa na kemikali. Maharage makavu yaliyokaa ghalani mwaka mzima yakigoma kuiva, mama anatia magadi kidogo. Magadi yanalegeza pektini, gundi laini inayoshikanisha seli na seli, na maharage yanapasuka. Ukizidisha, yanakuwa uji wa ladha ya sabuni. Kazi nzima ya viyeyushi iko humo chunguni: kulegeza kinachotakiwa, kiasi kinachotakiwa, na kujua utafanya nini na kilichobaki kwenye maji.

Wa kwanza kuyeyusha selulosi vizuri alikuwa Eduard Schweizer, mkemia wa Uswisi, mwaka 1857, kwa maji ya bluu ya shaba na amonia. Mwaka 1892 Waingereza watatu, Cross, Bevan na Beadle, wakapata njia ya kiwanda, ile ya viskosi, kwa kostiki soda na kaboni disulfidi. Nguo ilikuwa nzuri mno, hariri ya maskini. Lakini mvuke wa kaboni disulfidi unaingia kwenye mishipa ya fahamu. Wafanyakazi wa viwanda hivyo walipata ganzi za miguu na wengine waliharibikiwa akili. Kila nikisoma habari za kiyeyushi kipya nawakumbuka wale watu, maana kiyeyushi chao nacho kilikuwa kipya siku moja.

*Mwalimu, mimi ni mfugaji wa kuku, Kibaha. Kijana wangu anayesoma chuo ameniambia kwamba kolini ninayotia kwenye chakula cha kuku, ikichanganywa na mbolea ya urea, inakuwa maji yanayoyeyusha mti. Nikamwambia asinichezee. Nani mkweli?*

Kijana wako amesema kweli nusu. Hiyo nusu ni nzuri sana, nami nitakueleza nilivyoiona kwa macho yangu.

Nilipima gramu 14 za kloridi ya kolini safi na gramu 12 za urea safi. Zote mbili ni unga mweupe mkavu. Kolini peke yake haiyeyuki kwa moto mpaka kwenye nyuzijoto 302, urea mpaka 133. Nikazitia kwenye chupa ya kioo, nikaifunga, nikaiweka kwenye sufuria ya maji ya moto, nyuzijoto 80 hivi, bila kutia hata tone la maji ndani. Kwa dakika chache hapakuwa na kitu. Kisha unga ukaanza kung'aa pembeni kama sukari inayopata unyevu, ukashikana, ukaanguka, na baada ya robo saa nikawa na kimiminika kisicho na rangi, kizito kama asali iliyochujwa. Nikaitoa chupa, nikaiacha mezani usiku kucha. Asubuhi bado ilikuwa maji. Mchanganyiko huo haugandi mpaka ushuke kwenye nyuzijoto 12, na hapa Tanga hatufiki huko. Ndio uliotangazwa mwaka 2003 na Andrew Abbott na wenzake wa chuo kikuu cha Leicester, Uingereza, na tangu hapo wakemia wametengeneza jamaa zake mamia. Wanaviita viyeyushi vya eutekti. Maana yake ni rahisi: vitu viwili vikikutana kwa kipimo chao, kila kimoja kinamzuia mwenzake kujipanga na kuwa kigumu.

Nusu isiyo kweli ni hii: huo wa urea hauyeyushi mti. Selulosi inakaa humo kama mgeni aliyenyimwa kiti. Ukitaka kazi ifanyike, iache urea, chukua asidi ya laktiki, ambayo ni ileile inayoyachachusha maziwa mgando, na kolini. Mchanganyiko huo nao hauigusi selulosi sana, ila unaipenda lignini, na hapo ndipo uzuri wake ulipo. Badala ya kuyeyusha kila kitu unaitoa gundi na kuacha nyuzi.

Nilijaribu kwa singa za mkonge za urefu wa kidole, chupa ndani ya sufuria ya mafuta, nyuzijoto 120, saa sita, dirisha wazi. Kimiminika kiligeuka rangi ya chai ya rangi, kisha ya kahawa. Nilipozitoa singa na kuzisuuza zilikuwa laini, zinajikunja kwenye kidole kama uzi wa pamba, na zile ncha za kuchoma zimekwisha. Kisha nikatia maji kwenye kile kimiminika cheusi. Papo hapo kikachafuka kama maji ya ukwaju, na kesho yake chini palikuwa na tope la kahawia. Lignini hiyo. Ukiikausha inakuwa unga, na watu wanaitafiti kwa gundi za mbao na mambo mengine.

Sasa kuhusu kolini yako ya kuku. Ile ya dukani mara nyingi ni ya asilimia 60, na hizo 40 zilizobaki kwa kawaida ni magunzi ya mahindi yaliyosagwa ili kuibeba. Ukiipasha moto pamoja na urea utapata matope. Tena nakuomba sana, urea isikae chumba kimoja na chakula cha mifugo. Ikizidi tumboni mwa ng'ombe au mbuzi inaua, na kuku haina cha kumsaidia. Mwambie kijana majaribio yafanyike chuoni kwake.

*Bibi, niko Mafinga, kwenye viwanda vya mbao. Vumbi la mbao linachomwa bure kila siku. Nimesoma kwamba spiriti inatoa lignini kwenye mti. Naweza kutumia presha kuka?*

Hapana. Usijaribu, na kama umeshanunua spiriti irudishe kwenye kabati.

Ulichosoma ni kweli. Ethanoli na maji, karibu nusu kwa nusu, hutoa lignini kwenye vipande vya mti, na njia hiyo inajulikana tangu miaka ya 1930. Lakini kazi hufanyika kwenye nyuzijoto 180 hadi 200, na kwenye joto hilo mvuke wa spiriti unasukuma kwa nguvu ambayo sufuria ya jikoni haikuundwa kuistahimili. Mpira ukivuja, mvuke unakutana na moto wa jiko lako, na nyumba inaungua na watu ndani. Mitambo ya kazi hii ni ya chuma kinene, ina valvu, na ipo mbali na moto wa wazi. Vumbi la mbao lina matumizi mengine ya heshima, kuanzia uyoga mpaka makaa ya kubana, na hayo nitayaandikia siku yake.

*Salaam mwalimu. Natengeneza sabuni ya mche hapa Mbagala, kwa hiyo kostiki soda ninayo. Nimesikia Wachina wanayeyusha pamba kwa soda na urea kwenye friza. Ni kweli? Naweza kutengeneza nyuzi?*

Ni kweli, na mimi binafsi naiona ndiyo kemia nzuri kuliko zote zilizomo katika ukurasa wa leo. Aliyeivumbua ni mama mmoja, Profesa Lina Zhang wa chuo kikuu cha Wuhan. Kila mtu alikuwa anaongeza moto, yeye akaongeza baridi. Kostiki soda sehemu 7, urea sehemu 12, maji sehemu 81, unapoza mpaka nyuzijoto 12 chini ya sifuri, unatia selulosi, unakoroga. Dakika mbili tatu, imeyeyuka. Mwaka 2011 Wamarekani walimpa tuzo ya Anselme Payen, ambayo kwa watu wa selulosi hakuna iliyo juu yake. Ameshafariki sasa.

Kwa nini baridi? Kwenye joto, soda na maji haviwezi kushikamana na uzi wa selulosi muda wa kutosha. Kwenye baridi vinatulia, vinauvika uzi koti, na urea inakuja nje ya koti hilo kuzuia nyuzi zisirudiane. Ukiuacha mmumunyo upate joto, baada ya muda unaganda kama tambi zilizolala.

Nilifanya na pamba ya duka la dawa. Sehemu moja iliyeyuka, nyingine ilifura tu ikawa kama ute wa bamia. Sababu ni kwamba njia hii inataka nyuzi fupi fupi, na pamba safi ina nyuzi ndefu mno. Viwandani na maabara huzifupisha kwanza. Ule ute nikauvuta kwa bomba la sindano bila sindano yenyewe, nikausukuma taratibu ndani ya siki. Ukatoka uzi mweupe, unateleza, unakatika ukivutwa. Niliukausha juu ya sahani. Ninao mpaka leo, ndani ya kitabu.

Kuhusu wewe kutengeneza nyuzi: kuona kwa macho, ndiyo; kufanya biashara, bado, kwa sababu uzi wa kushona unataka mashine ya kuuvuta sawasawa. Na ingawa wewe ni fundi wa soda, nikukumbushe na wasomaji wengine wakumbuke: soda inatiwa kwenye maji, kidogo kidogo, kamwe maji hayamwagwi juu ya soda. Nina kovu kiganjani mkono wa kushoto tangu 1994, siku niliyokuwa na haraka. Soda ile ingeruka jichoni, leo nisingekuwa nakuandikia barua hii. Miwani, glavu ndefu, na ndoo ya maji safi karibu yako. Na friza hiyo isiwe ya samaki.

*Assalaam alaykum bibi yangu. Niko Muscat, nauza nguo za kike. Wateja wanataka "kitambaa cha mianzi" kwa kuwa ni cha kijani. Nisemeje bila kudanganya?*

Wa alaykum salaam, mwanangu. Mungu akubariki kwa kuuliza.

Kitambaa kinachouzwa kwa jina la mianzi, mara nyingi, ni viskosi. Mwanzi umesagwa, umepikwa kwa soda na kaboni disulfidi, ukafanywa uzi. Kilichobaki cha mwanzi ni selulosi, na selulosi ya mwanzi ikishafika hapo haina tofauti na ya mti mwingine. Tafuta kwenye lebo neno "lyocell". Hiyo nayo ni selulosi ya mti, aghalabu mkaratusi, lakini imeyeyushwa kwa kiyeyushi kinachoitwa NMMO, ambacho hakina mvuke ule wa kuharibu mishipa, na kiwandani hukusanywa na kurudishwa kwenye mtambo zaidi ya asilimia 99. Mwambie mteja hivyo hivyo: mti ni mti, tofauti iko kwenye maji uliyoyeyushiwa.

*Mwalimu, mimi ni mtafiti chipukizi, Morogoro. Naona hujataja vimiminika vya ayoni. Hivi havivukizi, havishiki moto, vinayeyusha selulosi moja kwa moja. Si ndivyo vya kijani kabisa?*

Nimevichelewesha makusudi, mwanangu, kwa sababu nataka tubishane kidogo.

Sifa zake nazikubali. Ni chumvi zilizo maji kwenye joto dogo. Mswisi Charles Graenacher alisajili uyeyushaji wa selulosi kwa chumvi za namna hiyo mwaka 1934, na hapakuwa na aliyejali. Mwaka 2002 kundi la Robin Rogers, chuo kikuu cha Alabama, lilirudia jambo hilo kwa kloridi ya imidazoliamu, mojawapo ya chumvi hizo, na kuweza kuyeyusha selulosi mpaka robo ya uzito kwa msaada wa maikrowevu. Tangu hapo maandiko hayahesabiki. Mimi nilipoona picha za kwanza, uzi wa pamba unatoweka kama barafu kwenye chai, nilishangilia peke yangu chumbani.

Lakini kutovukiza ni sifa moja tu. Kitu kisichopanda hewani kinashuka majini. Vingi vya vile vya imidazoliamu vimepimwa na kuonekana ni sumu kwa mwani na wadudu wa majini, na sumu inapanda kadiri mkia wa kaboni unavyorefuka. Vingine haviozi, havilwi na bakteria. Na vile vya mwanzo vyenye floridi na fosforasi vikikutana na maji moto vinaweza kutoa asidi ya haidrofloriki, ambayo hakuna mwanafunzi wangu ningemruhusu aisogelee. Anastas na Warner walipoandika kanuni 12 za kemia ya kijani mwaka 1998, hawakusema kijani ni kisichonuka.

Mimi naanza na penseli. Chukua kilo moja ya singa. Kuilowesha vizuri unataka kilo 10 za kiyeyushi, na huo si ukarimu, ni kipimo cha kawaida cha maabara. Ukifanikiwa kurudisha asilimia 95, utasema umefanya vizuri. Piga hesabu: umepoteza nusu kilo ya kiyeyushi kwa kila kilo ya singa. Imekwenda wapi? Iko ndani ya singa zenyewe, iko kwenye maji ya kusuuzia, na maji ya kusuuzia kwetu yanakwenda mtoni. Ukirudisha asilimia 99 unapoteza gramu 100. Hapo ndipo tunaanza kuzungumza.

Na kurudisha kwenyewe kuna gharama. Umesuuza kwa maji, sasa maji yamo ndani ya kiyeyushi na lazima yatoke. Kugeuza kilo moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke kunataka megajuli 2.26, ukuni au umeme. Nilijaribu kukausha kile kiyeyushi changu cha singa kwa jua, sinia pana juu ya bati, siku tatu za Januari. Maji yalipungua kisha yakagoma, kwa kuwa vimiminika hivi vinavuta unyevu wa hewa ya pwani kama chumvi ya ndani ya kopo lisilofunikwa. Kilichobaki kilikuwa chepesi kuliko mwanzo, na mara ya pili singa zilitoka zimelainika nusu tu.

Kwa hiyo, ukiandika tasnifu yako, nakuomba sura moja iwe ya maji ya kusuuzia. Umepata selulosi asilimia ngapi, wengi wataandika. Andika mzunguko wa tano ulikuwaje, wa kumi ulikuwaje, na maji machafu uliyapeleka wapi. Kuna wenzio waliochagua viyeyushi vinavyotokana na mmea wenyewe, kama gama-valerolaktoni, waliyoitumia watu wa Wisconsin mwaka 2014 kutoa sukari kwenye mabua ya mahindi na mti. Hiyo ni njia ninayoipenda, kwa sababu kinachopotea kinaweza kujazwa na shamba lenyewe. Nayo hesabu yake ni ileile.

Hapa kwetu karibu na korona za mkonge, yaani viwanda vya kutoa singa kwenye majani, ndipo ningependa kuona kazi yako. Katika kila kilo 100 za majani ya mkonge, singa ni kilo nne hivi. Zilizobaki ni maji na machicha ya kijani. Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, alipoleta miche kutoka Florida mwaka 1893, elfu moja iliyofungashwa, 62 tu ndiyo iliyofika hai, na kwa hiyo 62 mkoa mzima ukajaa. Zaidi ya miaka 130 tumeuza asilimia nne ya mmea. Nenda korona asubuhi, simama penye mfereji, tazama kinachopita.

*Hujambo dada. Sisi ni kikundi cha akina mama Kisumu. Tunafuma vikapu kwa magugumaji. Tunaweza kuyayeyusha tukapata bei zaidi?*

Sijambo, wadogo zangu. Endeleeni kufuma.

Magugumaji yana lignini kidogo, kwa hiyo mtu wa maabara atawaambia ni rahisi kuyeyusha, na ni kweli. Lakini kati ya kilo 100 mnazozivuta ziwani, zaidi ya 90 ni maji. Viyeyushi vingi nilivyovitaja leo vinapungua nguvu maji yakizidi, basi lazima mkaushe kwanza, na mkishakausha mnacho kile kile mnachofumia. Thamani imo mikononi mwenu tayari. Ila kama mabua yanawavunjikia yakikauka, loweka dakika chache kwenye maji yenye gliserini kidogo, ile inayouzwa duka la dawa, kisha muyaanike kivulini. Hiyo nayo ni kemia.

*Assalaam alaykum. Mimi ni mama wa Jambiani, nafukia makumbi pwani kama alivyofanya mama yangu na bibi yangu. Mjukuu amenisomea habari zako. Nauliza, hayo madawa mapya yataniondolea ile miezi ya kungoja? Mgongo umechoka.*

Wa alaykum salaam, dada yangu. Nami nimezaliwa Makunduchi. Barua yako nimeisoma mara tatu.

Mama yangu alikuwa na shimo lake, lina mawe yake ya kuzungushia, na hakuna aliyeligusa. Tulikwenda maji yakitoka. Nakumbuka harufu ya kufukua, ya mayai yaliyooza, inayoshika kwenye kanga mpaka ifuliwe mara mbili. Nakumbuka makumbi yanavyotoka meusi, yanateleza, na yakipigwa na mti juu ya jiwe unga wa kahawia unaruka na nyuzi zinabaki za rangi ya dhahabu. Kisha kusokota, kiganja juu ya paja, mpaka ngozi ya paja inakuwa ngumu.

Ile harufu ni kazi ya bakteria. Wanaishi bila hewa chini ya tope, na wanachokula ni ile gundi laini, pektini na jamaa zake, inayoshikanisha nyuzi na unga wa kumbi. Bahari inaingia na kutoka mara mbili kwa siku, inachukua kilichoyeyuka, inaleta maji mapya. Hawaigusi sana lignini. Na hiyo ndiyo sababu kamba yako inakaa majini miaka, wakati kamba ya pamba ingeoza kwa miezi.

Sasa yale madawa niliyoyasifia kule juu, ya kolini na asidi ya laktiki, yanafanya kinyume. Yanatoa lignini. Ningeyachemsha makumbi yako humo ningekurudishia nyuzi nyeupe, laini, nzuri kwa macho, na ukizisokota kamba ya dau, bahari ingezimaliza. Kwa kazi yako hayafai, na nisingependa mtu akuuzie.

Kilichopo cha kukusaidia ni kile kile cha bakteria, kwa njia fupi. India wamejaribu kuyaponda makumbi mabichi kwanza kwa mashine, kisha kuyaloweka kwenye matangi yenye bakteria waliochaguliwa, na miezi inageuka wiki. Kuponda peke yake kunasaidia, kwa sababu maji yanafika ndani upesi. Kabla hujatafuta mashine, jaribu hivi: chukua makumbi ya nazi mbichi hamsini, yagonge mpaka yapasuke kabla ya kuyafukia, na mengine hamsini yafukie mazima kama kawaida, shimo moja, siku moja. Tia alama. Kila bamvua fukua moja moja upande huu na huu, uvute nyuzi kwa mkono.

Mjukuu aandike tarehe. Na yakiwa tayari, nitumie urefu wa mkono mmoja wa kamba ya kila upande kupitia ofisi ya gazeti. Nitazifunga jiwe, nizitie kwenye ndoo ya maji ya bahari hapa Tanga, na mwakani nitazivuta.